Motere Iliyofanya Ngoie

Vijana wa garaji za Likasi, mna neno moja mnalolitupa mdomoni kila siku kama maganda ya karanga. Motere, yaani injini, ikikwama, regili ikayeyuka ndani, mnasema: "Ilifanya ngoie." Juzi nilimsikia mmoja wenu karibu na soko akimwambia mteja hivyo, na mteja akaitika kwa huzuni, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake. Nilitaka kusimama nimuulize yule kijana kama anajua ngoie ni nini. Nikaona nitakosa gari. Basi nimekaa niandike, maana nimestaafu, na siku hizi ninao muda wa kuwakasirikia watu taratibu.

Ngoie ni mtu. Yuko hai. Anaishi Kapolowe, ana shamba la mahindi, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Ya vyeo na mishahara sitasema. Yaliyokuja yalikuja, na yasiyokuja mnayajua wenyewe. Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha shuleni, lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema kwetu.

Siku ya kwanza niliingia karakana kubwa ya kampani ya madini nikiwa na sketi, kitambaa kichwani na mfuko mkononi. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, msichana peke yangu darasani. Papa Ngoie alikuwa ameinama juu ya meza, kikwaruzo mkononi, mtu mfupi mwenye mabega mapana na macho yaliyozoea moshi. Hakuinua kichwa.

"Chakula unaweka pale ku dirisha, mama," alisema.

"Sikuleta chakula, papa. Nilikuya ku kazi."

Hapo akaniangalia. "Kazi gani?"

"Kazi ya regili. Njo walinituma huku."

"Aa bon." Akafikiri kidogo. "Basi ile chakula yako unaweka pale ku dirisha, unavaa kombinezo, unakuya kushika hapa."

Na kweli ndani ya mfuko kulikuwa na chakula, bukari, yaani ugali, na samaki. Sijui alijuaje. Kuanzia siku ile aliniita Mama Vero, ingawa nilikuwa sijazaa hata paka.

Wengi wenu hamjawahi kuiona regili, kwa hiyo nieleze. Ni madini meupe, laini, yenye bati nyingi, shaba kidogo na antimoni. Katika motere za zamani hukununua beringi dukani. Uliyeyusha regili, ukaimwaga ndani ya biele yenyewe, yaani ule mkono wa chuma unaoshika pistoni juu na shafti chini, kisha ukaikwaruza kwa mkono mpaka ikae sawasawa kwenye shingo ya shafti. Kuziba kalibu tulitumia udongo wa kichuguu, maana hakuna udongo mwingine unaovumilia moto namna ile bila kupasuka. Kupima joto tulitumbukiza kipande cha karatasi kavu. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, unamwaga. Ikiwaka, umechelewa, punguza moto uanze tena. Ikitoka nyeupe, kaa chini unywe maji.

Baada ya kumwaga, Papa Ngoie aliining'iniza biele kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Kama regili imeshika vizuri, inalia kama kengele ya shule. Kama haikushika, inatoa sauti ya sufuria iliyopasuka, na unarudia kazi yote tangu mwanzo. Alinirudishia mara nyingi sana mwaka ule wa kwanza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sikia," akagonga tena, akaenda zake.

Na kulikuwa na hesabu. Siku moja aliniambia nihesabu biele za motere kuanzia volani. Nikapanda kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani, maana nao tunauita volani, nikatafuta biele ziko wapi. Karakana nzima ilicheka mpaka firimbi ya saa sita. Volani aliyosema yeye ni lile gurudumu zito la chuma lililoko nyuma ya motere, upande wa gia. Kwetu, silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na volani, na ya mwisho ni ile ya mbele, karibu na radiateri, yaani rejeta. Wabelgiji waliowafundisha wazee wetu walihesabu hivyo, wazee wakahesabu hivyo, nasi tukahesabu hivyo. Haikutupitia akilini kwamba duniani kuna mtu anayeanzia mbele. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Nilikuwa sijakaa sana kazini lilipoletwa lori la misheni. Lilikuwa lori la kijeshi, la wakati wa vita kubwa ya wazungu, pua ndefu, magurudumu sita. Misheni moja upande wa Mulungwishi ililitumia kubeba unga, mabenchi ya shule, wagonjwa, kwaya, kila kitu. Motere yake ilikuwa ya silinda sita kwenye mstari mmoja, ya aina ambayo hata wazee wa karakana hawakuwahi kuiona nyingine. Kibao cha kiwanda kilikuwa kimesuguliwa na mikono mpaka jina likafutika. Kampani ilikubali kuwasaidia misheni, na Papa Ngoie akapewa ile kazi, nami nikiwa msaidizi wake.

Tatizo lilikuwa shafti. Shingo zake sita zilikuwa zimelika, na kila moja imelika kivyake, na mashine yetu ya kusaga haikuwa na vibano vya kuishika shafti ndefu namna ile. Mtu mwingine angesema haiwezekani. Papa Ngoie alimwaga regili katika biele zote sita, kisha akakaa na kikwaruzo chake cha pembetatu, alichokinoa kutoka tupa kuukuu, akakwaruza kila biele kwa shingo yake. Alipaka shingo rangi ya bluu, akafunga biele, akaizungusha, akafungua, akatazama bluu imegusa wapi, akakwaruza pale palipogusa, akafunga tena, mpaka bluu ienee kote. Msimu wote wa baridi ulikwenda hivyo.

"Hizi njo kama bwana na bibi," aliniambia. "Kila moja iko na yake. Ukibadilisha, nyumba inaungua."

Ndiyo maana alipiga namba kwenye kila biele kwa patasi ya namba, moja mpaka sita, akianzia volani. Kisha akafunga motere. Ilipowaka, alisimamisha sarafu kwa ubavu wake juu ya kilasi, kile kifuniko cha juu cha motere, motere ikinguruma chini. Sarafu haikuanguka. Watu waliacha mashine zao wakaja kutazama. Mimi nilipiga vigelegele, nikasahau kwamba niko kazini.

Lori lilirudi misheni, likafanya kazi msimu wote wa mvua na msimu uliofuata. Halafu mvua za mwaka wa pili zikaanza, na likatokea lililotokea.

Kulikuwa na mwanamke kijana jina lake Serafina, mzaliwa wa Kapolowe, aliyeolewa upande wa misheni. Alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtu huenda kuizalia kwa mama yake, basi walimpandisha lori pamoja na magunia ya unga, siku za kujifungua bado kabisa hazijafika, safari iwe ya raha. Lori lilipita Likasi vizuri. Katikati ya Likasi na Kapolowe motere iligonga, ikapiga kelele, ikakwama. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna gari lililopita. Uchungu ukamshika pale pale, kwa hofu au kwa mitikisiko, sijui. Walipopata msaada alikuwa ameshafariki, yeye na mtoto, juu ya magunia. Kapolowe, dada yake Adolfina alikuwa ameweka maji motoni tangu mchana akiwangoja.

Likasi si mji mkubwa. Kabla maziko hayajaisha kila mtu alikuwa anasema: regili ya Ngoie iliyeyuka, Ngoie ameua. Hakuna aliyefungua motere. Misheni walilivuta lori wakaliingiza bandani, wakatafuta jingine. Papa Ngoie alikwenda kuwaomba aifungue mwenyewe aone, wakamwambia kwa upole kwamba amefanya ya kutosha. Maneno hayo, kwa upole namna ile, ni mabaya kuliko tusi.

Alikuja karakana, akachukua kijiko chake kikubwa cha kumwagia regili, chenye mpini mrefu wa chuma, akakiweka juu ya meza yangu.

"Itabakia kwako," alisema.

"Papa, na weye?"

"Minye nimemaliza."

Akahamia Kapolowe. Ningeelewa kama angekimbilia mbali, Kolwezi au hata ng'ambo ya mpaka. Yeye alikwenda kulima karibu na ile familia, akawa anasali nao kanisa moja kila Jumapili. Mke wake aliniambia kwamba hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza.

Mimi nilibaki na kijiko. Nilimwaga regili miaka mingi: za mashine za kusagia mawe, za pampu, za winchi, baadaye za watu binafsi walioleta mitambo ya babu zao. Karatasi, udongo wa kichuguu, nyundo ndogo, sikia. Nilifundisha wengine. Na pole pole nikaanza kulisikia lile neno. Kwanza lilikuwa mzaha wa karakana, "angalia isifanye ya Ngoie". Halafu likatoka nje ya geti. Halafu likavuliwa herufi kubwa. Mara ya kwanza nilipomsikia fundi asiyenijua akilitumia, mtoto aliyezaliwa baada ya mambo yote yale, nilipita zangu. Ningemjibu nini? Motere haikufunguliwa. Sikuwa na la kushika mkononi.

Nilistaafu. Nikawa nakaa nyumbani nagombana na kuku. Ndipo akaja Hervé.

Hervé ni mfanyabiashara wa vipuri, mtu wa makamo, anayependa magari ya zamani kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alikuwa amelinunua lile lori la misheni, amelinyoosha bodi, amelipaka kijani, amelitafutia hata taa zake. Parokia yake ilikuwa inajiandaa kwa jubilei na alitaka kulipitisha barabarani. Kilichobaki ni motere. Alikuwa na dizeli ya Kijapani tayari, na ile ya zamani alitaka kuiuza kwenye tanuru, chuma chakavu.

"Mama Vero, nilikuya tu unihakikishie kama ilikufa," aliniambia.

"Nani alikuambia ilikufa?"

"Bantu yote! Hii njo ile ngoie yenyewe, ya kwanza."

Nilimwambia kwamba akilirudia neno lile nyumbani kwangu atatoka na kiti chake kichwani. Alishtuka, maskini. Kisha nikavaa kombinezo yangu, ile ovaroli ya karakana, nikachukua mkoba wa vyombo, tukaenda.

Tuliilaza motere kwa ubavu. Nilipoondoa sufuria ya mafuta ya chini, kitu cha kwanza nilichokiona ni joiti, ule utando unaozuia mafuta yasivuje. Papa Ngoie alikata joiti zake kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyochemshwa katika mafuta. Nilizikata pamoja naye kwa mkasi huu huu nilio nao. Hii ilikuwa ya koki, ile ya vizibo vya mvinyo, nyororo, iliyokatwa kiwandani ng'ambo. Nikatazama pini za kufungia boliti. Yeye alikunja mguu mmoja wa pini juu na mwingine chini, siku zote, hata usingizini angekunja hivyo. Hizi zilikuwa zimekunjwa miguu yote miwili kwa ubavu, nadhifu sana, kazi ya mtu mwangalifu. Lakini si yeye.

"Hervé," nikasema, "hii motere kuna muntu aliifungula nyuma ya Papa Ngoie."

Nikapangusa biele ya mbele kabisa, ile ya upande wa radiateri, ile iliyokwama. Nikaweka taa. Imepigwa namba moja.

Nikapangusa ya volani. Sita.

Nilikaa chini kwenye mafuta, na kombinezo ilikuwa imefuliwa. Hervé alidhani moyo umenishika. Nikamweleza: Papa Ngoie alihesabu kutoka volani. Huyu aliyekuja baadaye alitoa biele zote, akazirudisha kwa kufuata namba, kama inavyotakiwa, ila yeye alihesabu kutoka radiateri. Kila biele ikaenda kwa shingo isiyo yake. Zilivumilia siku kadhaa, halafu iliyobana kuliko zote ikaungua.

"Lakini nani?" aliuliza Hervé.

Alimpigia simu mchungaji mzee wa misheni aliyemuuzia lori. Mchungaji alikumbuka vizuri, tena kwa furaha. Alisema ndiyo, alikuwapo mekanisye wao, fundi wa Kimarekani, mtu mrefu waliyemwita Bwana Polepole kwa jinsi alivyofanya kazi. Siku chache kabla ya safari ya Serafina, akijiandaa kurudi kwao moja kwa moja, alitaka kuwaachia lori katika hali nzuri, akabadilisha pete za pistoni, akaosha kila kitu kwa petroli, kazi safi sana. Hakuna aliyeuliza, alisema, kwa hiyo hakuna aliyetaja. Bwana Polepole alikufa zamani kwao Amerika.

Ilibaki kitu kimoja cha kuhakikisha. Nilichukua biele namba mbili, nikaipeleka pale pa pili kutoka volani. Nikapaka shingo bluu, nyembamba kama alivyonifundisha, nikafunga, nikazungusha, nikafungua. Bluu ilikuwa imeenea yote. Kutoka ukingo mpaka ukingo, baada ya miaka yote ile, regili na shingo vilijuana. Nikajaribu ya tatu, nikajaribu ya nne. Zote. Nililia, sina haja ya kuficha, nikamwambia Hervé dizeli yake ya Kijapani akaitie kwenye pampu ya maji.

Siku iliyofuata nilikwenda Kapolowe. Nilikwenda na furaha, nataka mjue hivyo. Njiani nilikuwa najiona nikimvika Papa Ngoie taji.

Nilimkuta nje ya nyumba anapukuchua mahindi. Amezeeka sana, mabega yameshuka, ila macho ni yale yale. Nilimweleza yote kwa mpango: joiti, pini, namba, Bwana Polepole. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kupukuchua kidogo.

"Alihesabu ku radiateri?" aliuliza.

"Njo vile, papa. Kwao Amerika banahesabiaka ku radiateri."

"Basi alihesabu muzuri."

"Papa..."

"Na minye nilihesabu muzuri." Akaweka gunzi chini. "Bantu babili balihesabu muzuri, na Serafina iko mu udongo."

Akaendelea, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kunifundisha.

"Nilipiga namba, Vero. Sikupiga mushale. Mushale moja tu, ya kuonyesha moja inatokea wapi. Dakika ngapi? Nilisema mu roho: nani hajue?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sikupanda gari kuja kusikia hayo, kwamba nimekuja kumwondolea mzigo na yeye anautafutia kamba mpya. Nilimwambia jina lake linachezewa na watoto kwenye garaji zote. Akacheka, cheko fupi.

"Najua," alisema. "Siku moja nilikuwa natoka Likasi na taxi-bus. Ikakufa mu njia. Chofere anafungula, anaangalia, anatuambia: bapapa, bamama, mushuke, ilifanya ngoie. Nikashuka. Nikamuuliza, ngoie njo nini? Ananiambia, papa, weye hauwezi kuelewa, ni bintu ya mekaniki."

Tukacheka wote wawili mpaka mke wake akatoka kuangalia kuna nini. Kisha nikamwomba aje Likasi, kwa sababu ile biele iliyoungua inataka kumwagwa upya, na regili ya motere ile sitaki kuimwaga bila yeye. Akakataa. Mikono haiwezi, macho hayawezi, kazi ile ameiacha. Nikaaga. Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita.

"Vero! Bluu ilienea?"

"Yote, papa."

"Mpaka ku kingo?"

"Mpaka ku kingo."

Halafu akamwambia mke wake amletee kofia.

Alikaa kwa Hervé mpaka kazi ikaisha. Mimi nilisafisha na kung'arisha ile shingo ya mbele iliyoungua, nikaipaka biele bati, nikaziba kalibu kwa udongo wa kichuguu. Kijiko nilikishika mimi, yeye alishika karatasi. Aliitumbukiza, akaitoa, akaiweka karibu na jicho. "Bado," alisema. Nikadhani imeiva. "Bado, mama, una haraka ya wapi?" Akatumbukiza nyingine. "Sasa." Nikamwaga bila kusimama, pumzi nimeishika. Ilipopoa tukaining'iniza, akaigonga. Ililia vizuri, na sauti ikakaa hewani. Hakusema "sikia". Alinitazama tu.

Kukwaruza nilifanya mimi, yeye akitazama bluu na kuonyesha kwa kidole. Kisha aliomba patasi na nyundo. Kwenye kila biele, kando ya namba aliyoipiga akiwa kijana, alipiga mshale unaoelekea volani. Mishale ilitoka imepinda. Sikumsaidia. Hervé alitaka kumsaidia, nikamkanyaga mguu.

Basi hili ndilo ninalowaachia, ninyi mnaofungua motere za watu: namba bila mshale ni nusu ya namba. Piga mshale. Aliyekuja kabla yako na atakayekuja baada yako wote ni mafundi, na kila mmoja amefundishwa kwao. Na lile neno siwezi kuwanyang'anya, limeshazoea midomo yenu. Ila litumieni mahali pake. Bluu ikienea yote, mpaka kingoni, hapo ndipo mseme: ilifanya ngoie.

Motere iliwaka asubuhi moja, baada ya kukohoa sana na kumtemea Hervé masizi usoni. Sarafu siku hizi hatuna, tukasimamisha kizibo cha bia juu ya kilasi. Kikasimama, kikatetemeka, kikaanguka. "Karibirateri," alisema Papa Ngoie. Nikageuza skrubu ya kabureta kidogo. Kikasimama, kikabaki. Hervé alikuwa anarukaruka kama mtoto, anapanga mstari wa jubilei, lori litangulie, kwaya nyuma, Papa Ngoie akae mbele.

"Jubilei ni muzuri," alisema Papa Ngoie. "Lakini mbele yake inabakia safari moja."

Hervé aliniangalia, nikamwonyesha usukani.

Tulitoka Likasi sisi watatu, Hervé akiendesha, mzee katikati, mimi mlangoni. Hatukuwa na mzigo, ila Papa Ngoie aliomba tuweke magunia mawili ya unga nyuma, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza kila mlio. Motere ilivuta vizuri, nzito, bila kugonga. Watu wa baiskeli walishuka kutupisha, wakatupungia. Mahali fulani, ambapo mimi nisingepajua, Papa Ngoie alivua kofia akaishika magotini. Hakutazama kando. Alitazama mbele tu na midomo yake ilikuwa inasali au inahesabu. Tulipita. Hervé akabadilisha gia, lori likaendelea, na baada ya muda mrefu mzee akarudisha kofia kichwani. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

Tulipofika Kapolowe, Papa Ngoie alimwelekeza Hervé mpaka kwenye kiwanja cha nyumba ya mama yake Serafina. Mama alishafariki, sasa anaishi Adolfina, mama mwenye mvi, mguu mmoja unamsumbua. Alikuwa ameshatoka nje, amesimama mlangoni kabla hatujasimama. Lori lile lilikuwa likija Kapolowe mara kwa mara zamani, na mlio wake aliusikia kutoka mbali.

Papa Ngoie alishuka polepole, nikimshika kiwiko. Walikuwa wamesalimiana kila Jumapili miaka yote hiyo, lakini sasa alisimama mbele yake kama mgeni, kofia mkononi.

"Tumefika, mama," alisema. "Tumechelewa."

Adolfina alilitazama lori, akayatazama magunia ya unga nyuma. Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Kisha akampokea mzee kofia yake, kama mtu anavyompokea anayetoka safari.

"Karibuni, muingie," alisema. "Mayi iko ku moto."

Ndipo Hervé akazima motere.